Petikoti Yangu na Bibi Harusi wa Makina

Nichekeni kabisa kabla sijaanza, mmalize, kwa sababu hii aibu nimeibeba miaka mingi na mkinikatiza katikati nitanyamaza na sitaisema tena. Kuna wiki moja Kawangware nzima, kuanzia akina mama wa ndizi hadi mafundi wa viatu wa pale stendi, walijua petikoti yangu ina tundu la pasi upande wa kushoto, juu kidogo ya goti. Si eti walisikia. Waliiona kwa macho yao, imekuzwa, imetundikwa kwenye kioo kando ya barabara, na ndani ya petikoti hiyo alikuwa amekaa binti wa watu, bibi harusi, kichwa wazi, anatabasamu. Na yote hayo yalianzia kwenye sahani ya pilau.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nakaa Kambi Muru, hapo Kibera, chumba kimoja cha mabati, na kazi yangu ilikuwa kufuma sweta za shule kwa mashine kwenye baraza ya duka la Mama Zuhura, Makina, Kibera hiyo hiyo. Kabla ya mambo ya sweta nilikuwa nimefanya kazi ya nyumba, na yule mama aliyeniandika alipohama nchi aliniachia kamera (wenzangu waliachiwa friji na makochi, mimi nikaachiwa kamera, na sikulalamika). Niliipenda ile kamera vibaya. Jumapili baada ya kanisa nilikuwa natembea kwa miguu hadi Kawangware, kwenye studio ya Baba Wairimu, ambako watu saba wenye ugonjwa kama wangu tulikuwa tunakutana chumba cha nyuma, tunakunywa chai na kuonyeshana picha tulizopiga.

Baba Wairimu alikuwa mzaliwa wa hapo hapo, ploti ilikuwa ya babake, studio ikiwa mbele na wapangaji nyuma, mtu wa roho safi sana ambaye akikuonea huruma lazima mtaa mzima ujue amekuonea huruma. Yeye ndiye aliyetutungia sheria. Picha zinabanwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, haisemwi ni ya nani, na mwenye picha hafungui mdomo mpaka wenzake wamalize kuichambua. Ukijitetea, unaosha vikombe vyote. Ilikuwa sheria nzuri, maana watu wakijua picha ni yako watakusifu tu halafu wakuseme njiani.

Basi Jumapili moja akatupa kazi. Baada ya wiki mbili kila mtu alete picha yake mwenyewe, amejipiga yeye mwenyewe, bila kushikiwa kamera na mtu. Nafula, ambaye alikuwa anauza chipsi na alikuwa na ulimi wa kukata mabati, akauliza, "Sasa Baba Wairimu, tutaficha aje mwenye picha na ni uso yake iko hapo?"

"Sheria ni sheria," akasema. "Tutasema 'huyu mtu'."

Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, na ni mimi sheria hiyo ilinikalia shingoni.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa harusi ya Zuhura mwenyewe, binti wa mwenye baraza yangu. Mama Zuhura alikuwa ameniita wiki moja kabla akaniambia, "Mwanangu, upande wa wanawake mwanamume haingii. Bibi harusi atakuwa kichwa wazi, na hina yake, na wanawake watacheza wanavyotaka. Wewe ni mwanamke na una kamera. Utupigie." Halafu akanishika mkono. "Fundi wa kuosha ataziona, hilo sikatai, huyo ni kama daktari. Lakini zisizagae. Zikitoka kwake ziingie mkononi mwangu."

Nikasema zitaingia mkononi mwako, Mama Zuhura, wallahi (mimi Mkristo, lakini ukikaa Makina sana wallahi inakutoka tu).

Na kulikuwa na Nyanya. Huyu ni mama mzazi wa Mama Zuhura, mzee mdogo mkavu mwenye macho makali, aliyekuwa amekataa kamera maisha yake yote. Picha aliyokuwa nayo ni ile ndogo ya kitambulisho, na hiyo alikuwa anasema si yake, ni ya serikali. Siku hiyo Zuhura akampigia magoti mbele ya wanawake wote, kwa sababu wiki mbili baadaye bwana alikuwa anamhamishia Mombasa na hakujua atamwona Nyanya tena lini. Nyanya akamwangalia yule msichana na gauni lake jeupe na mikono iliyojaa maua ya hina, akavuta kiti, akakaa kando yake, akaniambia, "Piga. Moja. Usinirudie." Nikapiga. Mama Zuhura alikuwa amesimama nyuma yangu na nilimsikia akivuta pua.

Sasa sikilizeni hapa, kwa sababu hapa ndipo nilipoharibu. Filamu ya zamani ikiisha unairudisha ndani ya kopo lake kwa kuzungusha kishikio, na kuna kipande cha mbele tulichokuwa tunakiita ulimi. Baba Wairimu alitaka tusiuache ulimi uingie wote, ubaki nje kidogo, imrahisishie kazi. Lakini ulimi ukiwa nje, filamu iliyotumika na filamu mpya zinafanana kabisa. Kwa hivyo sisi wa pale studio tulikuwa na desturi yetu, ukimaliza filamu unauma ule ulimi na meno. Ukiona alama za meno, hiyo imetumika. Hakuna mtu alikuwa anaandika, hakuna mtu alikuwa anakunja. Tulikuwa tunauma.

Nilimaliza filamu ya harusi, nikaizungusha, nikaitoa, nikaipeleka mdomoni, na mdomo ulikuwa na pilau. Si pilau ya mchezo. Shangazi mmoja alikuwa ameniwekea sahani kando ya kamera na nilikuwa nimekwisha pakia kijiko kikubwa. Nikajiambia nitauma nikimaliza kutafuna. Nikaitia kwenye mkoba, kando ya filamu mpya, ya aina ile ile, nayo ulimi nje. Sahani ya kwanza ikaletewa mwenzake, ngoma ikalia, nikavutwa katikati nicheze, na mimi nikicheza nasahau hata jina la kwetu.

Jumapili nikabaki nyumbani nijipige picha. Chumba kilikuwa moto, mabati yalikuwa yanapiga kelele kwa jua. Nilivaa blauzi yangu nzuri ya mtumba yenye shingo ya lesi, lakini sketi nilikuwa nimeifua na iko kwenye kamba nje, kwa hivyo chini nilibaki na petikoti nyeupe, nikiwaza kwamba picha itakuwa ya uso na mabega tu, nani ataona. Nikapanga sufuria tatu, nikaweka kamera juu. Ile kamera ilikuwa na kijiti mbele, ukikivuta inahesabu sekunde kumi ikilia tiki tiki, halafu inapiga yenyewe. Unavuta kijiti, unakimbia, unakaa kwenye stuli, unaweka uso wa mtu mwenye mawazo. Mimi kila mara nilikuwa nahesabu kwa sauti nijue imefika wapi, kwa hivyo kila ikipiga inanikuta mdomo uko kwenye "nane" au "tisa". Nikapiga kumi na mbili. Nikairudisha filamu, nikauma ulimi, tena kwa nguvu. Kisha nikaona ile nyingine kwenye mkoba haina meno, nikakumbuka pilau, nikacheka peke yangu, nikaiuma pia.

Jumatatu nikazipeleka zote mbili kwa Baba Wairimu. Filamu za rangi yeye hakuwa anaosha, alikuwa anazipeleka mjini na kurudi nazo. Nikaziacha nikiwa na amani kabisa.

Jumapili ya mkutano nikafika mapema. Baba Wairimu akanipa bahasha moja nene na moja nyembamba. "Hii moja imerudi tupu," akasema, "hakuna kitu kilipigwa. Lakini hii ingine iko na kitu, sijafungua, iko nene."

Nikafungua ile nene nikiwa nimegeukia ukuta. Picha ya kwanza nilikuwa mimi, na mwili wangu ulikuwa unapenya macho kama kioo, na ndani yangu kulikuwa na Zuhura. Ya pili, mimi na Zuhura. Ya tatu, mimi na Zuhura na mto wa kochi unaotoka sikioni mwangu. Picha zote za mwanzo za harusi, zile kumi na mbili ambazo bibi harusi alikaa vizuri kabla ya ngoma, nilikuwa nimezipigia juu uso wangu na petikoti yangu, kwa sababu Jumapili ile nilitia kwenye kamera filamu ya harusi nikidhani ni ile mpya. Ya kumi na moja ilikuwa ile ya Nyanya. Picha hizo mbili zilikuwa zimelingana barabara, stuli yangu juu ya mapaja yake, mimi nimekaa pale kama mtoto wa kupakatwa, mdomo wazi, na mkono wa yule mzee umepita begani mwangu. Kumi na tatu kwenda mbele zilikuwa safi kabisa, na zote zilikuwa migongo ya watu wakicheza na sufuria za pilau.

Nikakalia kreti ya soda. Wenzangu wakaingia mmoja mmoja, kila mtu na picha yake, na kamba ikaanza kujaa. Asiyeleta kitu alikuwa anachekwa mwezi mzima. Na badala ya kusema jamani nimepata shida kubwa, nisaidieni, nikachagua ile moja ambayo uso wangu ulikuwa na heshima kidogo, na petikoti ilikuwa imechanganyika na gauni la Zuhura hata huwezi kujua ni petikoti, nikaibana na kibanio. Nilidhani watacheka kidogo waendelee. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba pia kuna Zuhura pale, kichwa wazi, mbele ya wanaume watano.

Hakuna aliyecheka. Wote walisogea karibu na kamba.

"Picha ya nne," Baba Wairimu akasema polepole. "Huyu mtu... huyu dada..."

Kimani, fundi wa redio ambaye hakuwa amewahi kusifu kitu tangu nimjue, akaondoa kofia. "Manze, huyu dada ameumia," akasema.

"Aki imenigusa," Nafula akasema, na macho yalikuwa yamelowa. "Ona vile amekaa pekee yake kwa nyumba, hana mtu. Amevaa nguo ya harusi ya mawazo tu. Na bibi harusi mwenyewe ako ndani yake, anataka kutoka na hajui atatokea wapi."

"Na mdomo," Kimani akasema, "ona mdomo. Anaita."

(Nilikuwa nahesabu. Nilikuwa kwenye "nane".)

"Huyu dada anaweza kuwa na miaka mingapi?" mwingine akauliza, na mimi niko hapo, magoti yetu yanagusana.

"Kitu thelathini."

"Bado si mbaya."

"Si mbaya, lakini pia si asubuhi."

Nilikuwa na ishirini na sita! Na siwezi kusema, kwa sababu ya sheria. Nimekaa kwenye kreti, nashikilia kikombe, nasikia watu wakinipangia maisha, huyu anasema huyu dada apunguze ukali, huyu anasema ana binamu Riruta ambaye bibi alimwacha lakini ni mtu wa kanisa. Mwishowe Nafula akasema hawezi kukaa na huo uzito, akainuka, akaweka mkono kichwani mwangu (mkono wa chipsi, nasikia harufu ya mafuta mpaka leo), akaomba Mungu amfungulie huyu dada mlango. Watu wazima sita wakasema amina.

Halafu Baba Wairimu akasema, "Mwenye picha sasa anaweza kuongea."

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi. Ningesema, jamani, nimeingiza filamu ya harusi mara mbili, nimeharibia watu picha zao, na huyo dada ndani si ndoto, ni Zuhura wa Makina, toeni macho yenu kwake. Lakini mpiga picha kusema amepiga juu ya filamu iliyotumika ni kama mpishi kusema ameweka sukari kwenye samaki, na walikuwa wananiangalia kwa upendo mwingi ambao sijawahi kuangaliwa nao. Nikasimama, nikasema, "Ni kweli. Nilitaka kuonyesha upweke."

Wakapiga makofi. Kimani akataka kujua nilifanyaje bibi harusi aingie. Nikamwambia ni mpango wa ndani ya kamera. Nikakusanya picha zangu zote, na ile ya kamba, nikakimbia nyumbani. Negativu zilibaki kwenye mkebe wa biskuti wa Baba Wairimu, mahali zilipokuwa zinabaki siku zote, na sikuzifikiria hata kidogo.

Jumatatu nilipokaa kwenye mashine Mama Zuhura akatoka dukani. "Mwanangu, picha?"

"Bado zinaoshwa."

Jumanne, "Picha?" Nikasema mashine ya mjini imepata shida. Jumatano akaja na Zuhura mwenyewe, hina imeanza kufifia mikononi, akaniambia, "Dada, hata kama ni ile moja ya Nyanya. Jumamosi naondoka. Hiyo tu nataka kubeba." Nikainamia sweta na kufuma mkono mrefu kuliko wa mtu yeyote aliyewahi kuzaliwa. Bahasha ilikuwa chini ya matako yangu. Nilikuwa nimeikalia siku tatu.

Alhamisi asubuhi Mama Zuhura akafunga duka. "Twende wote," akasema. "Kama mashine imekufa, huyo mtu wa studio aniambie mwenyewe."

Tukaenda kwa miguu, yeye na mimi, na njia nzima nilikuwa natunga maneno. Nitamkonyeza Baba Wairimu, ataelewa, atasema mashine. Nilikuwa na matumaini. Tulipofika kwenye ile barabara nikaona watu wamesimama mbele ya studio, wamama na vikapu, fundi wa viatu na kiatu cha mtu mkononi, wamezunguka kile kioo cha mbele ambacho Baba Wairimu alikuwa anaweka picha zake bora za kuvutia wateja.

Nilijua kabla sijaona. Nilikuwa mimi. Alikuwa ameenda mjini na negativu, akaikuza iwe kubwa kama mlango wa kabati, zawadi, kunitia moyo. Na ikikuzwa mambo yanaonekana, petikoti si gauni tena, lesi yake iliyokatika inaonekana, tundu la pasi linaonekana, na Zuhura anaonekana mpaka kishaufu cha puani. Chini kulikuwa na kadi ameandika kwa kalamu nzito, NDOTO YA MSICHANA.

Mtu mmoja alikuwa anawaelezea wengine. "Ni yule anatafuta bwana," alisema. "Nasikia walimwombea."

Baba Wairimu akaniona, akatoka nje na mikono wazi. "Ndiyo huyu! Ndiyo huyu!" akapaza sauti. "Dada yangu, wazee watatu tayari wamekuulizia!"

Watu wakageuka wote. Mimi sikujua nishike wapi, kwa sababu nimevaa sketi lakini nilihisi ni kama sijaivaa. Nilimwangalia Mama Zuhura. Hakupiga kelele. Uso wake ulikuwa umekauka, macho yako kwa binti yake. Halafu akatoa leso aliyokuwa amejifunga mabegani, akapita katikati ya wale watu, akaifungua, akaitandaza juu ya kioo chote na kuishikilia kwa mikono miwili, mgongo wake kwa barabara.

"Baba," akamwambia Baba Wairimu bila kugeuka, "funguo ya hii kioo iko wapi?"

"Mama, kuna shida?"

"Huyu ndani ni mtoto wangu. Hakuolewa ili aonwe na barabara. Na huyu mwingine," akanielekezea kidevu, "huyu naye ni mtoto wa mtu. Mmewaacha uchi wote wawili hapa."

Nilitegemea anitukane. Kama angenitukana ningevumilia. Aliposema mtoto wa mtu, nililia pale pale mbele ya wamama wa ndizi, kwa sauti, nikaharibu hata kile kidogo cha heshima kilichobaki.

Baba Wairimu maskini alikimbilia funguo, akatoa ile picha akiwa ameigeuza uso ndani, akaleta mkebe, akatoa negativu, akazifunga na gazeti, akampa Mama Zuhura kwa mikono miwili. "Mimi nilijua ni sanaa, mama. Aliniambia alipanga," alisema.

Mama Zuhura akaniangalia, akashika njia.

Tulirudi kwa miguu hadi tulipokaribia Makina. Hapo akasema, "Sema." Nikasema yote, tangu pilau, ulimi, sufuria tatu, upweke, mashine ya mjini. Nikatoa bahasha. Akasimama kando ya njia akaangalia moja moja mpaka akafika ile ya Nyanya.

"Tulimbembeleza miaka mingapi?" akasema. Hakuwa ananiuliza mimi.

Nyumbani Nyanya akataka kuona kwa nini watu wananong'ona. Akapewa. Akaisogeza karibu, akaipeleka mbali, akaisogeza tena.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe, mama."

"Na huyu niliyempakata?"

"Ni mimi, Nyanya," nikasema mlangoni.

"Mbona umeachama?"

"Nilikuwa nahesabu."

Zuhura, ambaye alikuwa ameanza kulia, akatoa sauti fulani, na nikaona amecheka, halafu akalia tena. Nikapiga magoti pale kwenye mkeka, nikamwomba Nyanya anisamehe, akae tena kesho, dakika moja tu, nitamchukua vizuri na mjukuu wake. Akanirudishia picha.

"Nilisema moja," akasema. "Kama kamera yako imekosa, iulize kamera."

Ijumaa nilimpiga picha Zuhura upya, amevaa gauni lake, hina imebaki rangi ya chai. Alitabasamu kwa ajili yangu, nilijua ni kwa ajili yangu. Nyanya alikaa kitandani kando, nje ya picha, akituangalia, na hakusogea hata inchi. Jumamosi Zuhura akaondoka na ile mbaya, mimi na Nyanya, kwa sababu hakukuwa na nyingine.

Mama Zuhura hakunifukuza barazani. Ilichukua muda kabla hajaniita mwanangu tena. Mwaka haukuisha Nyanya akafa, usingizini, bila kusumbua mtu. Baada ya siku chache Mama Zuhura akaja kwenye mashine na ile negativu kwenye gazeti lake lile lile. "Nataka mama yangu, kubwa, ya ukuta wa ndani," akasema.

Nikamwambia kuna mtu mjini anaweza kunikata, anitoe kabisa, abaki Nyanya na Zuhura. Nilikuwa tayari kwenda naye siku hiyo hiyo. Akaiinua juani akaitazama.

"Mkono wake umepita begani kwako," akasema. "Wewe ukitoka, mkono unaenda. Kaa hapo hapo."

Kwa hivyo niko pale. Siku ya arobaini ya Nyanya nilikuwa nagawa chai kwa wanawake, na nikaona mmoja baada ya mwingine anaangalia ukuta, ananiangalia mimi, anaangalia ukuta. Mama mmoja aliyetoka mbali akauliza yule aliyepakatwa ni mjukuu yupi. Nilitamani birika initoshe niingie. Mama Zuhura, bila kuinua kichwa kwenye sahani alizokuwa anapanga, akasema, "Huyo ni wetu wa Kambi Muru."

Bwana nilipata baadaye, na si mmoja wa wale wazee watatu, muache kuuliza. Kupiga picha sikuacha. Lakini kujipiga mimi mwenyewe sijajipiga tena, na sitajipiga. Na nikikosea siku hizi nasema hapo hapo, kabla mtu hajanipigia makofi, kwa sababu siku ile kwenye kreti ningesema ukweli, watu sita wangenicheka, ningeosha vikombe, na picha ya Nyanya ingeharibika tu bila mimi kumdanganya mtoto wake siku nne nikiwa nimeikalia. Nikienda Makina hadi leo nakaribishwa chumba cha ndani, na nachagua kile kiti kinachoupa ule ukuta mgongo.